Alivaa, Alitwaa, Alifanyika au Akawa? Kuchagua Maneno na Mifano ya Kufundishia Umwilisho

Kila Majilio, kuanzia Tukuyu hadi Mafinga, mwinjilisti au katekista husimama mbele ya darasa akafundisha jambo moja: Mungu alikuja kuwa mtu, ndio Umwilisho. Jambo ni lilelile, ila vitenzi vinatofautiana. Mmoja atasema Mungu alivaa mwili. Wa pili atasema alitwaa mwili. Wa tatu anasoma Biblia ya Union, "alifanyika mwili", na aliyekaa naye benchi moja ana Habari Njema, "akawa mwanadamu". Wapo pia wanaosema Mungu aligeuka mtu. Mwanafunzi anaondoka na kitenzi alichokisikia, na miaka ikipita, kitenzi hicho ndicho imani yake.

Ulinganisho huu unaviweka vitenzi hivyo pamoja, halafu mifano inayopendwa mimbarini na madarasani Nyanda za Juu Kusini, ili mwalimu ajue achukue kipi kwa darasa lipi, na kila kimoja kinavunjikia wapi.

Kipimo kwanza

Huwezi kuchagua kama huna cha kupimia. Kipimo kilichokubaliwa na Wakatoliki, Walutheri, Wamoraviani, Waanglikana na Waorthodoksi wa Kigiriki ni tamko la Mtaguso wa Kalkedonia, mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 451. Kiswahili kinalibeba kwa urahisi wa ajabu, kwa maneno mawili tu: nani na nini. Ukiuliza Yesu ni nani, jibu ni moja: Mwana wa Mungu, yuleyule aliyekuwako kabla ya kitu chochote kuumbwa. Ukiuliza Yesu ni nini, majibu ni mawili: ni Mungu kamili, na ni mtu kamili. Nani mmoja, nini mbili. Mtoto wa darasa la tano analishika hilo kwa dakika moja, na profesa wa teolojia hana la kulipunguza.

Juu ya hapo mtaguso ulizungushia uzio wa maneno manne. Asili hizo mbili zimeungana bila kuchanganyika, bila kugeuka, bila kugawanyika, bila kutengana. Mawili ya kwanza yanamzuia Eutike, mtawa wa Konstantinopoli aliyefundisha kwamba baada ya kuungana ilibaki asili moja tu. Mawili ya mwisho yanayazuia mafundisho yaliyokataliwa na mtaguso wa Efeso mwaka 431 chini ya jina la Nestori, askofu wa Konstantinopoli, yaliyomfanya Kristo aonekane kama wawili wanaokaa pamoja. (Wakopti na Waethiopia hawakuupokea mtaguso wa Kalkedonia, lakini nao wanamkataa Eutike. Mwalimu asiwatie kapu moja naye.)

Ili kujua kama kitenzi au mfano wako umefika salama, uliza maswali haya mwisho wa kipindi, madaftari yakiwa yamefungwa. Je, leo hii Yesu bado ana mwili? Aliposema bustanini kwamba roho yake ina huzuni nyingi kiasi cha kufa, ni roho gani iliyohuzunika? Aliyelala juu ya mto mashuani na aliyeukemea upepo, ni mmoja au wawili? Na la mwisho, ambalo huwaangusha hata wazee wa kanisa: kabla Maria hajachukua mimba, ubinadamu wa Yesu ulikuwa wapi? Majibu: ndiyo, anao; roho ya kibinadamu, yake mwenyewe; mmoja; haukuwapo popote. Mwana alikuwako milele, lakini ubinadamu wake ulianza tumboni mwa Maria.

Vitenzi

"Alivaa mwili" ndicho kitenzi kitamu kuliko vyote, na ndicho cha kuangaliwa zaidi. Kimo katika nyimbo na sala, mababa wa Kanisa wa zamani walikitumia, na kila mtu anakielewa papo hapo. Shida yake ni nguo yenyewe. Mwezi wa saba Makete mtu anatoka asubuhi na sweta na koti, jua likipanda anavua koti, saa saba sweta limefungwa kiunoni. Nguo si wewe. Inavaliwa kwa sababu ya hali ya nje, na inavuliwa hali ikibadilika. Anayesikia "alivaa" kila mwaka bila maelezo ataamini kwamba Yesu alipopaa aliuvua mwili akabaki Mungu mtupu kama zamani. Ukiuliza swali la kwanza katika yale manne, utaona ni wangapi wanajibu hivyo. Kosa hili ni la kale: walikuwapo waliosema Kristo alionekana tu kama ana mwili, na barua ya kwanza ya Yohana inawajibu moja kwa moja pale inapodai kila roho iungame kwamba Yesu Kristo "amekuja katika mwili". Ukilazimika kutumia "alivaa", usiachie hapo. Ongeza maneno matatu, "na hakuvua tena", kisha msome Luka 24:39-43, ambapo baada ya kufufuka anawaambia wamshike-shike, halafu anaomba chakula na kula samaki wa kuokwa mbele yao.

"Alitwaa mwili" ni kitenzi cha sala ya Malaika wa Bwana, "Neno wa Mungu akatwaa mwili", na Paulo kwa Wafilipi, "akatwaa namna ya mtumwa". Nguvu yake ni kwamba kinamlinda mtendaji: aliyetwaa alikuwapo kabla ya kutwaa, na alibaki alivyokuwa huku akiongeza alichotwaa. Kwa mwanafunzi wa kipaimara hakuna kitenzi bora zaidi. Lakini sikiliza kinavyotumika nje ya kanisa siku hizi. Timu hutwaa kombe, mamlaka hutwaa ardhi, na msibani tunasema Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Kote humo kitu kilikuwapo, mwingine akakichukua. Kijana akilihamisha hilo kwa Yesu, atadhani palikuwa na mtu tayari, labda kijana mwema wa Nazareti, Mungu akamchukua akamtumia. Hilo ni fundisho kwamba Mungu alimfanya mtu wa kawaida kuwa mwana wa kupanga, na Kanisa lililikataa mapema kabisa. Dawa ni kusema alitwaa kutoka wapi na lini: alitwaa ubinadamu kutoka kwa Maria, na ubinadamu huo ulianza kuwapo katika tendo lilelile la kutwaliwa, hapakuwa na dakika iliyotangulia.

"Alifanyika mwili" ni Yohana 1:14 katika Biblia ya Union, kwa hiyo huwezi kukikwepa na wala usikikwepe. Kinabeba uzito ambao "alivaa" hakina: yeye mwenyewe amekuwa kitu hiki, hakukichukua mkononi. Kasoro ziko mbili. Ya kwanza, mnyambuliko wake unagusa kutendwa, na sikio linaweza kusikia "alifanywa", yaani aliumbwa. Huko ndiko alikoishia Ario, padre wa Aleksandria aliyefundisha kwamba Mwana aliumbwa, na Nikea mwaka 325 ilijibu kwa maneno ambayo Kanisa bado linayakiri: aliyezaliwa bila kuumbwa. Kilichoanza Bethlehemu ni kuzaliwa kwake kama mtu. Umwana wake haukuanza. Ya pili ni neno "mwili". Kwa Kiswahili cha kila siku mwili ni nyama na mifupa, bila akili wala hiari. Msikilizaji anabaki na picha ya mwili wa mtu ndani yake kukiwa na Mungu badala ya roho ya mtu. Tutalirudia jambo hili kwenye miche ya parachichi.

"Akawa mwanadamu" kinaziba pengo hilo. Habari Njema imekichagua, na Kanuni ya Imani ya Nikea inakiweka mwisho kama komeo la mlango: "akapata mwili kwa uwezo wa Roho Mtakatifu kwake yeye Bikira Maria, akawa mwanadamu." Ona mpangilio wake. Mwili umetajwa, halafu sentensi haiishi mpaka utu wote umetajwa. Na neno lenyewe lina hazina ambayo lugha nyingi hazina, kwa sababu mwanadamu ni mwana wa Adamu. Ukisema kwa Kiswahili kwamba Mungu akawa mwanadamu, umeshasema ameingia katika ukoo ulioanguka ili auinue. Luka anafanya hivyohivyo anapoupeleka ukoo wa Yesu nyuma hadi Adamu. Upungufu wa "akawa mwanadamu" ni kwamba kinakata uzi unaounganisha Yohana 1 na Yohana 6, "mwili wangu ni chakula cha kweli". Anayefundisha Ekaristi au Chakula cha Bwana atahitaji "mwili" urudi.

"Aligeuka kuwa mtu", kiache kabisa. Hakuna maelezo yatakayokiokoa. Kinachogeuka huacha kuwa kilivyokuwa: maziwa yakigeuka mtindi, maziwa hayapo tena. Tena hadithi za watu wanaogeuka simba au fisi bado zinasimuliwa vijijini, na kitenzi hiki kinampeleka msikilizaji huko. Huko Listra watu walipiga kelele kwamba miungu imewashukia kwa mfano wa wanadamu, na Paulo na Barnaba wakararua mavazi yao.

Kuna kitenzi kimoja zaidi ambacho walimu wengi hukisoma bila kukitilia shaka. Wafilipi 2:7 katika Union inasema "alijifanya kuwa hana utukufu". Kiswahili cha leo, kujifanya ni kuigiza. Mtu anajifanya mgonjwa ili asiende shamba. Ukisoma aya hiyo Mwanjelwa au Kihesa bila kusimama, nusu ya wasikilizaji wamesikia kwamba Yesu aliigiza unyonge. Kigiriki kinasema alijimimina, alijiacha mtupu kwa hiari yake, kweli kabisa. Simama hapo nusu dakika, eleza, ndipo uendelee.

Kabla ya kuacha vitenzi, watazamishe wanafunzi kiambishi. Neno liko katika ngeli ya LI-YA: neno limesemwa, neno limeandikwa. Lakini Yohana kwa Kiswahili anasema katika aya ya kwanza, "Naye Neno alikuwa Mungu", na baadaye "Naye Neno alifanyika mwili". Naye, alikuwa, alifanyika. Watafsiri walivunja sarufi makusudi ili herufi moja, "a", itangaze kwamba Neno huyu ni nafsi. Andika ubaoni "lilifanyika" na "alifanyika", acha darasa liambie tofauti. Na sentensi inayofuata, "akakaa kwetu", isipite kimyakimya. Mtu wa huku akisema "kwetu ni Ludewa" anataja nyumbani, kwenye makaburi ya babu zake. Kwetu ndiko alikokaa.

Mtego wa neno "nafsi"

Tunasema Mungu mmoja katika Nafsi tatu. Tunasema Kristo ni Nafsi moja. Halafu tunasoma Biblia, na humo nafsi ni uhai wa ndani wa mtu. Mwalimu akisema "Yesu ana Nafsi moja, ya kimungu" na dakika tano baadaye "Yesu ana nafsi ya kibinadamu", darasa limepotea, na kosa si lao. Panga matumizi kabla ya kipindi: Nafsi iwe ya swali la nani, asili iwe ya swali la nini, na uhai wa ndani wa kibinadamu uuite roho ya kibinadamu. Usibadilishe katikati.

Mifano: ipi inasimama, ipi inaanguka

Mkuu aliyevaa nguo za raia akaenda hospitali kuona wagonjwa wanavyohudumiwa. Mfano huu unapendwa kwa sababu unagusa haki na unyenyekevu, na kwa kufundisha unyenyekevu unafaa. Kwa kufundisha Umwilisho haufai. Ni "alivaa" kilekile, na kuna ubaya zaidi: yule mkuu hawezi kufa kwa kukosa dawa, gari lake linamsubiri nje. Yesu hakuwa na gari nje.

Chai ya maziwa na makande yafundishwe pamoja, kwa sababu makosa yake yanatazamana. Weka maji, majani ya Mufindi au ya Rungwe, na maziwa kwenye sufuria moja, chemsha mpaka ipande. Ulichonacho sasa si maziwa na si chai kavu, ni kitu cha tatu, na hakuna chujio litakalokurudishia maziwa. Huyo ni Eutike: umungu na utu vimechanganyika, na anayetokea hayuko sawa na sisi tena wala hayuko sawa na Baba. Sasa chukua sahani ya makande. Mahindi ni mahindi, maharage ni maharage, hakuna kilichobadilika. Lakini mtazame mtoto asiyependa maharage: anayachambua moja moja anayaweka pembeni. Kinachoyaweka pamoja ni sahani tu. Huko ndiko kumgawa Kristo, ambako ukisoma Injili unachambua: hapa alilia Lazaro, huyo mtu, hapa alimfufua, huyo Mungu. Wanafunzi wakishaona chai na makande, waambie kweli iko kati ya hivyo viwili na wao watafute mfano bora. Somo litakaa kuliko ukiwapa jibu.

Kubebesha parachichi ni mfano unaojitokeza wenyewe Njombe na Rungwe, ambako kila kitalu kina miche ya Hass. Unaotesha mbegu ya parachichi la kienyeji, mche ukifika unene wa penseli unaukata, unaupasua, unachongea kikonyo cha Hass kama kabari, unakipachika, unafunga kwa nailoni. Baadaye ni mti mmoja wenye asili mbili, maji yaleyale yanapanda. Wahubiri wanaupenda, na kwa mbali unaonekana kamili. Angalia kisu kimepita wapi. Ili kikonyo kikae, kichwa cha mche wa kienyeji lazima kikatwe na kutupwa. Kinachobaki cha kienyeji ni mizizi na shina. Kinachofikiri, tuseme, kinachotoa matawi na matunda, ni Hass peke yake. Hivyo hasa ndivyo alivyofundisha Apolinari wa Laodikia katika karne ya 4: Kristo alikuwa na mwili wa mtu, lakini mahali pa akili ya kibinadamu alikuwapo Neno. Mtaguso wa Konstantinopoli wa mwaka 381 ulilikataa. Gregori wa Nazianzo alieleza kwa nini, kwa hoja fupi ambayo kila mwalimu aijue kwa moyo: kisichotwaliwa hakikuponywa. Dhambi inaanzia kwenye akili na hiari zetu. Kama akili na hiari ya kibinadamu havikutwaliwa, basi mahali penye kidonda hapakuguswa. Kwa hiyo mfano wa kubebesha usitupwe. Utumie kuonyesha kosa la Apolinari, kwa mche halisi mkononi, na hautasahaulika.

Mbegu chotara ya mahindi haifai kabisa, na itaje tu kama mtu ameileta. Chotara huchukua nusu huku na nusu huku, na mtu akifuata njia hiyo ataishia kusema Mungu alikuwa upande wa baba kama mwanaume alivyo. Malaika alimwambia Maria, "Roho Mtakatifu atakujilia juu yako." Kristo si nusu kwa nusu.

Chuma katika moto ndio mfano bora kati ya vitu vinavyoonekana, na Kanisa limeutumia tangu zamani: Origeni, Sirili wa Aleksandria, Yohane wa Damasko, na Walutheri katika Fomula ya Konkodia ya mwaka 1577. Kwa huku una mizizi pia, maana Wakinga walifua chuma milimani na majembe yao yalishuka hadi Unyakyusa. Kama kuna mhunzi jirani, peleka darasa. Dakika ishirini zinatosha. Kipande cha chuma kinaingia kwenye makaa, mvukuto unapulizwa. Kinaanza wekundu wa giza, kinakuja wekundu wa machungwa, mwisho kinakaribia manjano. Mwambie mhunzi akiguse kipande cha ubao: kinaunguza, na kuunguza ni kazi ya moto. Akipige nyundo: kinabonyea, na kubonyea ni kwa chuma. Moto haukubonyea, lakini kilichopigwa ni chuma chenye moto, kitu kimoja. Hapo umefundisha kwa nini tunasema Mwana wa Mungu aliteswa, huku umungu haukuumia. Yohane wa Damasko alikwenda mbele kidogo akazungumzia kisu chekundu: kinakata kwa uchuma wake, kinaunguza kwa moto wake, na jeraha ni moja. Ni msaada mkubwa ukifika Gethsemane, "si mapenzi yangu, bali yako yatendeke", kwa sababu mtaguso wa mwaka 680 hadi 681 ulikiri kwamba Kristo ana mapenzi mawili, ya kimungu na ya kibinadamu, yasiyopingana.

Mfano huu nao unavunjika mahali pawili, na mwalimu aseme mwenyewe kabla hajaulizwa. Chuma kilikuwapo kabla ya kuingia motoni. Ubinadamu wa Yesu haukuwapo kabla. Sema hivi: wazieni chuma ambacho hakijawahi kuwa nje ya moto hata nukta moja. Na chuma kikitolewa kinapoa. Muungano wa Kristo haupoi, hata mwili ulipolala kaburini na roho yake ikiwa imeutoka, vyote viwili vilikuwa vyake.

Mfano wa roho na mwili wa mtu umo katika Kanuni ya Athanasi: kama roho yenye akili na mwili vilivyo mtu mmoja, ndivyo Mungu na mtu walivyo Kristo mmoja. Unafaa kwa watu wazima kwa sababu umoja wake ni wa ndani, hauhitaji sahani. Upungufu: roho peke yake si mtu kamili, ila umungu hauna pungufu ya kukamilishwa. Na kwa Kiswahili unamrudisha msikilizaji kwenye mtego wa Apolinari, adhani umungu ndio ulioshika nafasi ya roho. Utumie ukiwa umeshamaliza mche wa parachichi, kabla ya hapo usithubutu.

Neno la moyoni ni mfano wa Agostino, na kwa watu wa lugha mbili ni dhahabu. Una wazo moyoni. Bado halina Kiswahili wala Kihehe. Ukifungua kinywa, linatwaa sauti. Limefika kwa mwenzako, na moyoni mwako halijatoka. Halikugeuka sauti kwa maana ya kuacha kuwa wazo. Mfano huu unajibu swali ambalo watu huogopa kuuliza: kama Mungu alikuwa horini, nani alikuwa anaongoza dunia? Mapungufu yake: sauti hupotea hewani, na sauti si mtu.

Kuna ulinganisho mmoja ambao mwalimu wa Rungwe hawezi kuukimbia. Kule Lubaga palikuwa na Lwembe, mtu aliye hai ambaye ndani yake shujaa wa kale alihesabiwa kuendelea kuishi, na cheo hicho kilipita kutoka mtu hadi mtu. Jina Kyala, ambalo leo ni Mungu katika Biblia ya Kinyakyusa, katika masimulizi ya zamani lilikuwa pia la shujaa. Wazee wanajua haya. Usiwakemee; waonyeshe mahali mistari inapoachana. Kwa Lwembe, nguvu ilikaa ndani ya mtu, na mtu akifa ilitafuta mwingine. Yesu si mtu aliyekaliwa. Nani wake ni Mwana mwenyewe, na tendo hili limefanyika mara moja, halirithishwi. Mwelekeo pia ni tofauti: huko binadamu hupandishwa, huku Mungu ameshuka.

Kwa darasa lipi uchague kipi

Watoto wa miaka mitano hadi tisa wape "akawa mwanadamu" na usiwape mfano hata mmoja. Wanachohitaji ni Luka 2: nguo za kitoto, hori ya kulia ng'ombe ambayo watoto wa wafugaji wa Rungwe wanaijua, mtoto anayelia njaa. Kisha Luka 2:52, kwamba alizidi kuendelea katika hekima na kimo. Kosa kubwa hapa ni kumwonyesha mtoto Yesu asiyelia, asiyejifunza, anayefanya miujiza kitandani. Mtoto huyo haaminiki, na mtoto anayesikiliza analijua hilo kabla yako.

Darasa la kipaimara la dakika 45 linapangika hivi. Dakika tano, someni Yohana 1:1-14 katika tafsiri zote mbili, ya Union na Habari Njema, vijana watafute tofauti wenyewe. Dakika kumi, nani na nini ubaoni. Dakika kumi na tano, "alivaa" dhidi ya "alitwaa", kwa Luka 24. Dakika kumi, chai, makande na chuma. Tano za mwisho ni yale maswali manne. Usiingize miaka ya mitaguso yote siku hiyo. 325 na 451 zinatosha. Kosa la kawaida ni kutumia mifano minne kwa haraka bila kusema hata mmoja unavunjikia wapi. Afadhali mmoja uliovunjwa vizuri.

Kwaya ikiwa na wimbo wa "alivaa mwili", msiufute. Mwalimu wa kwaya aongeze ubeti, au kiongozi wa ibada asome Luka 24 kabla ya kuimba.

Jirani Mwislamu anapouliza, kwa nia njema, Mungu anawezaje kuwa mtu, anza na anachokubali: Kurani, sura ya 4 aya ya 171, inamwita Isa mwana wa Mariamu neno lake Mwenyezi Mungu. Usiseme kwamba mnakubaliana, kwa sababu aya hiyohiyo inakataa kwamba Mungu ana mwana, naye anaijua. Epuka "aligeuka", epuka "Mungu alizaa" bila maelezo, maana kwa sikio lake hilo ni ndoa na mke. Neno la moyoni litakufikisha mbali kuliko chuma, kisha mwache aulize tena.

Na kwa Wakatoliki kuna fundisho lililo magotini tayari. Kila Jumapili, ikifika "akapata mwili" hadi "akawa mwanadamu", waamini huinama. Siku ya Noeli na tarehe 25 Machi, Kupashwa Habari, hupiga magoti. Wengi hufanya hivyo kwa kufuata benchi la mbele. Katekista awaambie wiki moja kabla kwa nini magoti yanashuka pale na si kwingine, na kwa nini Machi, miezi tisa kabla ya Desemba: ubinadamu ule ulianza tumboni, siku Maria alipojibu, "Tazama, mimi ni mjakazi wa Bwana, na iwe kwangu kama ulivyosema."